Betri ya Mzee Nyange na Upelelezi Wangu

Jumamosi, 8 Agosti 1959

Leo Inspekta Marjani wa mchezo wa redioni kanitoa jasho! Nusu ya kijiji chetu cha Mgogoni tulikuwa barazani kwa Mzee Nyange, redio imekaa juu ya kitambaa chake cha kutarizi, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Kidani cha dhahabu kimeibwa kwa tajiri mmoja. Inspekta kauona unyayo wa mwizi dirishani, kaupima kwa uzi, kauchimba na udongo wake, kautia koponi. Kisha akawakusanya watu wote wa nyumba ile ukumbini. Akasema mwizi yumo humu humu. Basi! Mchezo ukakatwa mpaka Jumamosi ijayo.

Mzee Nyange akajipiga paja. Akasema kijana mwenye akili kama Inspekta angempa binti yake bila ya kufikiri mara mbili. Nimesikia kwa masikio yangu. Mwenzangu Jaribu naye kasikia. Posa mbili ziko mkononi mwa Mzee, yangu na ya Jaribu, na wiki hii anatoa jibu. Jaribu anapanda mkarafuu kama komba. Mimi nimeanguka mara tatu msimu huu, mara moja kabla sijapanda. Kwa mikono simwezi. Nitamshinda kwa akili. Nikimkosa Khairiya nitakufa! Sili, silali. (Nimekula muhogo kidogo.)

Jumapili, 9 Agosti

Nimepata! Inspekta hana kazi bila ya mwizi, na Mgogoni hatuna mwizi. Basi nimeanza mwenyewe. Adhuhuri, wanaume wote wako msikitini, nimeingia kwa Mzee na kuichomoa betri ya redio. Nzito kama tofali! Nimeitia ndani ya kanzu, nikatoka mbio huku nimejishika tumbo. Sasa imelala katikati ya gunia la karafuu kavu, chumbani kwa mama. Jumamosi, kidogo tu kabla ya mchezo, nitaivumbua mbele ya kadamnasi. Mchezo utasikika, Mzee atalia kwa furaha, binti atatolewa. Sioni pa kuharibika.

Jumatatu, 10 Agosti

Nyumba ya Mzee Nyange imekuwa matanga. Kakataa hata uji. Nimejitolea kupeleleza, kanishika mikono yote miwili, macho yamemlowa. Kidogo nimhurumie. Nimemwuliza kila mtu kwa sauti ya Inspekta: jana adhuhuri ulikuwa wapi? Kila mtu alikuwa msikitini, na shahidi wake ni wenzake wote. Jaribu akasema aliyekosekana safuni ni mimi peke yangu. Nimeliandika hilo daftarini. Kisha nimelifuta. Nimewaambia tumbo liliniuma. Khairiya, aliyekuwa akifagia uani, akasema ni kweli, aliniona njiani nimelishika. Mungu ambariki!

Jumanne, 11 Agosti

NIMEIBIWA! Nimerudi nyumbani, nimetia mkono gunia zima mpaka kwapani, betri hamna! Watu gani hawa? Mtu huwezi kuficha kitu chako kwa amani! Siwezi hata kupiga kelele. Sasa lazima nipeleleze kweli, na sijui pa kuanzia.

Jioni. Najua pa kuanzia. Ni Jaribu. Nani mwingine anayetaka niaibike? Mlangoni kwetu upo unyayo mpana. Nikiupata wa Jaribu nikaulinganisha, kwisha kazi. Nimetayarisha jivu la kunyunyiza, uzi (nimepata mwekundu tu), kopo la samli, na kitambaa cheupe cha kufunikia udongo usikauke.

Jumatano, 12 Agosti

Sijui niandikeje. Asubuhi mapema nimenyunyiza jivu kizingitini kwa Jaribu. Katoka kwenda shamba, kakanyaga vizuri kabisa. Nimetambaa, nimepima kwa uzi, nimeuchimba unyayo wote hata kidole hakikuvunjika. Nilikuwa nafunga kitambaa cheupe mdomoni mwa kopo pale mama yake, Bi Mwanakhamis, alipofungua mlango.

Ukelele ule umefika mpaka kijiji cha Shumba.

Watu wamejaa. Nimewaeleza kuwa huu ni upelelezi. Bi Mwanakhamis akaniuliza: “Jivu mlangoni, uzi mwekundu, unyayo wa mwanangu ndani ya kopo! Kakukosa nini weye?” Kwa kweli, vilivyotajwa kwa mpango ule, hata mimi nimejiogopa. Jaribu, anayelala juu ya tawi la mkarafuu bila ya wasiwasi, kakaa chini mchangani akasema miguu imeshaanza kumfa ganzi. Mzee Nyange akanivuta pembeni, akanong'ona akitaka kujua mganga wangu ni nani.

Unyayo wenyewe haukulingana. Ule wa mlangoni kwetu ni wangu.

Alhamisi, 13 Agosti

Ajabu! Watu wananiamkia kutoka mbali, tena kwa adabu. Mzee mmoja kaleta jogoo ili ng'ombe wake aliyepotea arudi. Nimemwambia mimi si mganga. Kaleta wa pili. Nimewapokea wote wawili ili asivunjike moyo.

Na kubwa kuliko yote: Jaribu kaiondoa posa yake! Kamtuma ami yake kwa Mzee Nyange, sharti nimrudishie unyayo. Nimemrudishia hapo hapo. Kaumwaga pale pale ulipochimbwa, kaupangapanga kwa mkono, kaukanyaga mara saba, kisha kakimbia kuona kama miguu bado inafanya kazi. Inafanya. Nimebaki mposaji mmoja! Akili, akili tu!

Ijumaa, 14 Agosti

Baada ya swala Mzee Nyange kaja kwetu na jibu. Nilimwona tokea mbali, kavaa joho, uso mkunjufu. Nikakoga. Alipofika mbele ya nyumba akajigonga kidole pembeni ya jamvi la karafuu la mama. Akainama kuangalia kilichomgonga. Pembe tatu za jamvi zimekandamizwa kwa mawe. Ya nne kwa betri.

Tokea Jumanne! Mama, Bi Kazija, alitoa nusu ya karafuu guniani ili azianike tena, akalikuta dude zito ndani. Hajapata kuona betri, akadhani nimelitia mimi kuzidisha uzito kwenye mizani. Kaona haya, kaninyamazia, kanisomea Yasini tatu, na dude lenyewe kaliweka jamvini lisipeperuke. Siku nne nimekuwa nikiliruka nikienda kulitafuta!

Nimesema ni mtego wangu wa kumnasa mwizi. Mzee kaniambia mtego umenasa. Kaondoka na betri, na jibu kaondoka nalo. Nimelia, sifichi.

Jumamosi, 15 Agosti

Betri imeota jua siku nne, basi redio leo imenguruma mpaka kuku wametawanyika. Mimi sikuruhusiwa barazani. Nimesikiliza nyuma ya ua wa makuti, kati ya jogoo zangu wawili. Na mwizi wa kidani ni nani? Yule yule aliyejitolea tokea siku ya kwanza kumsaidia Inspekta! Baraza zima likapasuka. Mzee Nyange kacheka mpaka kakohoa, kisha akaita kwa sauti niingie, akasema mchezo gani huu bila ya mwizi wetu mwenyewe. Hata Jaribu kanisogezea kahawa, ingawa miguu kaikunja chini ya kanzu.

Magharibi mama kaniletea maneno ya Khairiya. Alijua tokea Jumapili. Tumbo la kuumwa, kasema, halina pembe nne. Kanyamaza kwa kutaka kuona nitafika wapi, na hajacheka hivyo maishani mwake. Baba yake hajakataa. Jibu atalitoa mwisho wa mavuno, ikiwa hadi hapo nitakaa kama watu, bila ya vituko.

Alhamdulillahi! Nimetafakari sana na nimeliona kosa langu. Lilikuwa ni gunia. Ningeificha kwenye mchele, mama hajui kuanika mchele.

Mwisho wa mavuno ni wiki saba. Mbali mno. Leo, nikiwa barazani, nimetupa jicho ndani. Mzee Nyange ana saa ya ukutani. Anaipenda kama roho yake, na ni nyepesi kuliko betri.