Mshumaa wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Blogu ya ukoo sasa ina akili kunishinda. Nimeshinda naufundisha mwonekano wake: habari ukiiweka kundi la Sherehe, picha ya keki inajitokeza yenyewe juu yake. Watoto, kitanda kidogo. Misiba, mshumaa. Binamu mpiga picha, anayebandika picha moja moja kwa mkono, kanuna. Kasema nitaumbuka. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Shangazi anatimiza sabini Jumamosi. Kaniomba nitangaze. Mwaka jana tulipikia watu thelathini, wakaja wawili, na mmoja alikuwa msoma mita ya maji. Shangazi alimpakulia, kisha akaosha masufuria peke yake. Huyu ndiye aliyenilea. Safari hii lazima nyumba ijae.

Jumatano, 5 Machi
Nimechunguza. Habari za Sherehe zinasomwa na watu tisa. Za Misiba, ukoo mzima. Basi tangazo nimelitia tiki kote kuwili. Kichwa: "Shangazi Yetu, Miaka Sabini". Najikubali.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe habari ikiwa na makundi mawili, blogu inachukua picha ya kundi linalotangulia kialfabeti. Misiba iko mbele ya Sherehe. Mshumaa!
Nimekimbia kumpigia Shangazi magoti. Nimemkuta kochini, miguu kwenye beseni la maji ya moto, anapokea kwa simu rambirambi zake mwenyewe. Anajifanya jirani. Anawaambia wafike Jumamosi saa saba, wasikose. Kasema mama mkwe wangu kalia vizuri sana, hakumtegemea.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja hamsini na mmoja, nguo nyeusi tupu. Shangazi kawapokea mlangoni na gauni jekundu. Wawili walikaa chini palepale. Halafu wakacheka, wakala, wakalia upya. Kaka yake, ambaye hawajasemezana naye miaka sita, kaosha masufuria yote. Shangazi kanivuta sikio mpaka likawaka moto, kisha kanikumbatia. Kasema mimi ni balaa, lakini balaa lake mwenyewe. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vitunguu.

Jumapili, 9 Machi
Kikao cha ukoo. Blogu kapewa Binamu. Nimeomba radhi kwa dhati kabisa, nimeapa sitaigusa tena.
Nywila hawajabadilisha.
Mwezi ujao natimiza arobaini. Tangazo nimeshaliandika. Sherehe, tiki. Misiba, tiki.