Sini na Kosini Watenganishwe

Newala, 11 Februari 1956

Bwana Mhariri,

Pokea salamu za kijana mwenye ndoa ya wiki tano na Veridiana, ambaye akitabasamu mimi husahau kula. Lakini tangu juzi analala kwa mama yake, na kosa ni la kitabu cha majedwali ya hesabu.

Kama ilivyo desturi, nilihamia kwa wakwe kutoka Masasi na kujenga uani kwao. Nilipima mwinamo wa paa la mjomba wake, Mzee Kasiani, paa lisilovuja kamwe: nyuzi arobaini. Makombamoyo yangu, ile miti ya mteremko wa paa, ni futi kumi. Sini ya arobaini ikanipa nguzo ya kati ya futi sita na inchi tano kutoka usawa wa kuta. Paa likalala mno, mvua ikatushukia kitandani. Mama mkwe akasema, "Mwanangu hakuolewa na mvua," akamchukua.

Malalamiko yangu:

1. Kabla ya kukata nguzo nilimwuliza shahidi wa pili, kosini ya hamsini. Naye akajibu 0.6428, sawasawa na sini ya arobaini. Hakuna aliyenionya kuwa ni ndugu. Barazani mashahidi wa nyumba moja hutiliwa shaka. Mbona kitabuni wanaaminiwa?

2. Nimechunguza. Sini ya thelathini na kosini ya sitini, vilevile. Sini ya kumi na kosini ya themanini, vilevile! Kila pembe kali ina mwenzake wa kujaza tisini, na wote wamekwisha kupatana majibu.

3. Naomba Serikali iwatenganishe. Sini abaki Newala, kosini apelekwe Tandahimba. Wakikaidi, pembe mraba iongezwe iwe nyuzi mia. Mimi nimetengwa na Veridiana. Wao kwa nini wakae pamoja?

Wasalimie wapiga chapa wote, wazee wao shikamoo, na wake zao wanaolala pakavu.

Ni mimi, mwenye mto uliolowa,
Dastani

N.B. Veridiana amekuja, akaisoma barua hii, akaniuliza, "Mwenzangu, pembe uliipimia wapi, chini ukutani au juu kwenye nguzo?" Niliipimia juu. Kumbe nilitakiwa kutumia kosini ya arobaini, na sini ya hamsini inasema hivyo hivyo: futi saba na inchi nane. Mashahidi walisema kweli. Mimi niliwauliza habari za paa jingine. Tafadhali wasitenganishwe. Mzee Kasiani anachonga nguzo mpya, na Veridiana amekwisha kurudisha mkeka wake, ingawa paa bado liko wazi.