Ndoo Nyekundu za Afande Kunegunda

Jumatatu, 9 Machi

Jambo hili sijamwambia Mama, wala Bibi, wala padre kwenye kitubio. Mimi ni zimamoto, na naogopa moto.

Siyo moto mkubwa tu. Hata kiberiti. Kikisema chwa! nafumba macho. Kwenye mafunzo ya zimamoto wa kujitolea nilizima pipa linalowaka huku nimefumba macho kabisa. Mkufunzi akawaambia wenzangu wajifunze utulivu kwangu. Nikapewa cheti na kofia ya njano.

Sasa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa shule, na leo Shangazi Hilda kapiga simu kutoka Lusewa. Anatafuta mtu wa kukaa na bani lake, lile banda la kukaushia tumbaku. Tumbaku ya moshi! Majani yananing'inia juu, magogo yanafuka chini, na mtu anakaa humo siku nzima akiuangalia moto usizimike wala usilipuke. Mimi!

Nikamwambia Baba siwezi, nina biashara. Akauliza biashara gani. Sikuwa nayo. Nikasema vifaa vya zimamoto. Alicheka mpaka chai ikampalia. Alipopona akasema haya, nikipata mteja mmoja wa kweli kabla ya Jumapili, nabaki Songea. Nisipopata, Shangazi anakuja kunichukua, Jumatatu asubuhi napanda naye basi.

Nimeomba ndoo kuukuu za bati kwa fundi Rupert. Nimezipaka rangi nyekundu. Nimezijaza mchanga wa mtoni. Kampuni imeanza.

Jumanne, 10 Machi

Sokoni. Msiba.

Aidan, tuliyekuwa naye kwenye mafunzo, anauza mitungi ya kuzimia moto ya mjomba wake. Ana kipaza sauti. Mimi sauti hunikwama nikimwona mtu nisiyemjua, hata nikimwona ninayemjua. Kwa hiyo nikavaa kofia, nikashusha kioo cha usoni, nikakaa nyuma ya ndoo zangu nikingoja wateja.

Walikuja. Wawili wameniuliza nauli ya bodaboda mpaka Bombambili. Mzee mmoja ametemea makapi ya muwa ndani ya ndoo, akanishukuru. Nikamwambia shikamoo.

Aidan akatangaza kwa kipaza sauti, soko zima likasikia, kwamba jamani msimsumbue Afande Kunegunda, anangoja moto uje wenyewe umsabahi!

Nimemchukia. Lakini amenipa wazo.

Jumatano, 11 Machi

Wazo lenyewe: watu hawanunui ndoo kwa sababu hawaoni moto. Basi wauone! Moshi mkubwa nyuma ya vibanda, watu wapige mayowe, mimi nitokee na ndoo, nizime (macho nimeyafumba, nani ataona chini ya kofia?), wateja wajipange.

Shida ilikuwa nani awashe. Nikamwendea Mama Mwamvua, yule wa Tunduru anayeuza uji pale pembeni. Nikamdanganya kwamba nasikia baridi. Akanihurumia, masikini. Akawasha kuni nyuma ya kibanda chake, mimi nikaongeza majani mabichi. Moshi ulipanda kama wa kiwanda! Nikajibanza, nikasubiri mayowe.

Nilisahau huu ni mwezi gani. Songea, mwezi wa tatu, moshi hauiti zimamoto. Unaita mahindi mabichi.

Wa kwanza alikuja na mahindi matatu mkononi. Wa pili na kapu. Wakayapanga kwenye makaa, wakaanza kupiga soga. Aidan alikuja na mawili, mojawapo la kuazima. Nikajikaza, nikainua ndoo. Mama Mwamvua akanishika mkono akasema, "Mwanangu, wallahi ukiuzima huu, leo tutakuzima wewe."

Nimeishusha. Nimekula hindi moja. Lilikuwa limeiva vizuri, siwezi kukataa.

Alhamisi, 12 Machi

Mungu yupo! Miongoni mwa waliokuja kuchoma mahindi jana alikuwa Sista Emerensiana, mlezi wa hosteli ya wasichana. Leo kanikuta sokoni, akaniuliza ndoo hizi ni za nini. Nilivijibu viatu vyangu. Lakini akasikia! Akasema jiko lao ni kubwa na wapishi wanakaanga kila siku, basi niende kesho nikawaonyeshe.

Kisha mvua. Mchana kutwa. Mchanga wote umelowa, ukiumwaga unaanguka kama ugali. Nimeutia kwenye chungu kikubwa cha Bibi na kukitega pembeni mwa mafiga. Nikamwomba Bibi auangalie. Akasema yeye kautumia mchanga jikoni kabla mama yangu hajazaliwa, nisimfundishe.

Sikuuliza kautumia kufanyia nini.

Ijumaa, 13 Machi

Nimechelewa kuamka. Bibi kaenda jumuiya. Nikakimbilia jikoni, mchanga mkavu, mzuri, wa moto moto, nikaumimina kwenye ndoo bila kutazama, mbio hosteli.

Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, nikaingia uani. Wasichana wote wamepangwa mistari. Aidan naye yupo na mtungi wake! Eti naye kaalikwa. Alianza yeye. Akahutubia kwanza, kirefu, halafu akabana, na mtungi ukakohoa mara moja kama mzee mwenye pumu. Basi. Nikajiuma mdomo nisicheke.

Zamu yangu. Sista mwenyewe akawasha matambara kwenye karai. Nikafumba macho. Nikamwaga.

Wasichana wakapiga kelele. Nikajua nimeunguza mtu. Nikafumbua jicho moja. Moto umezimika kabisa, na juu ya mchanga, tele, karanga! Bibi alikuwa amezikaanga humo mchangani, hakuzichekecha.

Wasichana walivamia karai. Aidan aliwatangulia. Sista akaokota moja, akaipuliza, akatafuna kwa utaratibu, akaokota nyingine. Akasema anachukua ndoo zote. Akataka pia kujua kama kila ndoo huja na karanga zake, na kama ile isiyo na karanga ina punguzo.

MTEJA! Wa kweli!

Jumamosi, 14 Machi

Baba kaenda mwenyewe hosteli kuhakikisha. Karudi anatafuna. Akasema mteja ni mteja, kanunua vifaa vya zimamoto au vya Bibi, si juu yake. Ahadi ni ahadi. Nabaki Songea!

Nimemkuta Aidan sokoni. Bila kipaza sauti. Kaniuliza, kwa adabu, Bibi huchukua mchanga wa mto gani. Sikumjibu. Safari hii haikuwa aibu.

Jumapili, 15 Machi

Shangazi Hilda kafika na hasira zake, akataka kujua mtu wake wa bani yuko wapi. Baba akamsimulia yote. Shangazi akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Halafu akabadilika, akawa mpole kama asali. Akasema hakujua kumbe ndugu yake kazaa mtaalamu. Akasema kule Lusewa mabani huungua kila msimu kwa kukosa mtaalamu. Anataka ndoo za kujaza bani lake lote. Sharti moja tu: mtaalamu azilete mwenyewe, akae nazo hapo kando ya magogo, aonyeshe matumizi, tangu majani yaingie mpaka yakauke.

Nimekubali papo hapo! Mteja wa pili, tena nje ya wilaya! Baba kafunika uso kwa kofia yake, mabega yanamtikisika. Nadhani ni furaha.

Kwa hiyo kesho asubuhi napanda basi na Shangazi. Siyo kama alivyotaka mwanzo, hapana. Naenda kufungua tawi. Nimeshaandika kwenye ndoo: MAKAO MAKUU SONGEA, TAWI LUSEWA.

Ila wewe unayesoma, kile nilichokuambia Jumatatu, tafadhali, kibaki hapa hapa. Shangazi asijue. Keshanipa kiberiti nikitunze.