Ukurasa wa Sitini na Moja Uondolewe

Jumatatu, 2 Juni
Nimetembea kutoka kazini, mjengo wa Gatina kule Kawangware, hadi nyumbani Kianda, Kibera. Mgongo umekufa. Daisy akanisomea kitabu chao cha hadithi cha gredi ya nane, kama kila jioni. Hakwami popote! Mimi niliishia darasa la sita, mtoto wangu hakwami. Tukafika ukurasa wa sitini na moja. Fundi mmoja humo anaiba simiti ya tajiri, anaibeba ndani ya kopo la chakula. Daisy akaangalia sakafu yetu, laini kuliko zote kwenye ploti. Akauliza simiti yake niliinunua duka gani. Nikamjibu kwamba kitabu hicho ni kichafu na lazima kiondolewe shuleni.

Jumanne, 3 Juni
Daisy huwaambia wenzake baba yake ni fundi mwaminifu. Hilo haliharibiwi na mwandishi ambaye hajawahi kubeba karai! Niliomba ruhusa kwa nyapara, nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu, Madam Musimbi, akasema mzazi ana haki ya kupinga kitabu. Aandike barua, ataje ukurasa na sababu, na kikao cha wazazi Jumamosi kitaamua. Haki yangu! Nikatoka kifua mbele. Langoni nikakumbuka kwamba barua zangu zote rasmi huandikwa na Daisy.

Jumatano, 4 Juni
Daisy akashika kalamu, akauliza ni ukurasa gani. Nikakohoa. Nikasema arobaini na tatu. Hapo kijana na msichana wanabusiana nyuma ya duka la kinyozi. Daisy akanikumbusha kwamba wiki jana nilicheka hapo hadi jirani akagonga mabati. Nikamwambia aandike tu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata mshirika! Mzee Fadlalla, mwenye ploti tunayopanga. Mjukuu wake Ruweida yuko darasa moja na Daisy, na mzee pia hapendi lile busu. Alinikaribisha kiti, akaniita Baba Daisy. Mnubi aliyezaliwa hapa Kibera na Mjaluo wa Bondo, bega kwa bega! Mpango: busu liangushe kitabu kizima, na ukurasa wa sitini na moja uende nacho kimyakimya. Benard, fundi wa bomba mjengoni ambaye mtoto wake Ryan anasoma hapo, akaniuliza mbele ya watu, “We Obonyo, busu umeanza kuliogopa lini?” Wivu huo.

Jumamosi, 7 Juni
Kikao. Mzee Fadlalla alisimama kwanza. Akasema polepole kwamba hataki kumnyima mtoto wa mwenziwe kitabu. Anaomba Ruweida wake apewe kingine, basi. Wazazi wakapiga makofi, Madam akakubali hapo hapo. Mshirika gani huyu? Madam akaniuliza kama Daisy naye apewe kingine. Kabla sijajibu, Benard akainuka. Akasema mtu wa mjengo anajua kitabu hiki kinasema ukweli mtupu, hasa pale pa kopo la chakula.

Ukweli! Hapo sikuweza kukaa. Nikasema mwandishi huyo ni mwongo. Fundi wake anamimina simiti kwenye kopo tupu. Itashika unyevu, itaganda kabla hajafika barabarani! Unaitia kwanza kwenye pakiti ya unga, unaikunja mara mbili, ndipo unaweka ugali juu. Miaka minne sijapoteza hata kijiko kimoja.

Benard akacheka hadi akashika ukuta. Lakini hakuna aliyenipinga. Hata mmoja! Kitabu kimebaki. Nilipogeuka, Daisy alikuwa amesimama mlangoni.

Jumapili, 8 Juni
Daisy hanisomei. Nikauliza yule fundi alifikia wapi. Akasema fundi ana binti, na binti amegundua. Nikauliza binti akafanya nini. Akasema, “Baba, si ulisema kitabu ni kichafu?” Akakiweka chini ya mto wake. Mchana kutwa namwaza binti wa fundi.

Jumatatu, 9 Juni
Habari imemfikia nyapara. Amenionya: nikishikwa, nirudi Bondo. Sasa anafungua makopo yote getini. Watu arobaini kwenye foleni kwa sababu yangu! Hakuna fundi mwingine Kawangware aliyewahi kubadilisha sheria za mjengo.

Jioni Daisy akakubali kusoma nikiapa kwamba nimeacha. Nikaapa. Binti wa kitabuni alimwomba baba yake aende kwa tajiri aseme mwenyewe, na baba akaenda. Daisy akafunga kitabu, akaniangalia sana. Nikasema tuandike barua. Jinsi alivyoruka kuchukua kalamu! Nikaanza kumtajia: Kwa waliochapa kitabu. Ukurasa wa sitini na moja urekebishwe. Pakiti ya unga, ikunjwe mara mbili.

Daisy akaweka kalamu chini. Macho yakajaa machozi. Mtoto anajivunia baba yake hadi analia!

Nimeimalizia mwenyewe, mistari sita, jina langu kamili chini. Kesho naituma. Kuhusu kazi, nimechunguza vizuri: getini wanafungua makopo tu. Chupa ya chai hakuna anayeigusa.