Nawajua Mmoja Mmoja

Wenzangu wa chuo, leo nimeadhirika mchana kweupe. Mbele ya mgeni wa wizara, mbele ya watoto, ndani ya basi la shule. Nimerudi ofisini, nimefunga mlango, nimeshika kalamu. Nawaandikia nyinyi mlio mbali kwa sababu nikimsimulia mtu yeyote wa hapa Temeke, habari itafika nyumbani kabla yangu.

Kwanza niwakumbushe kazi yangu, maana mmoja wenu bado anaamini nauza vitabu. Mnajua shule binafsi zilivyoota siku hizi, kila mtaa una yake. Sasa humo ndani kuna watoto wanaobaki nyuma kusoma. Shule inakwenda na wanaokwenda, wao wanaachwa. Serikali ikakubali, kwa kujaribu tu, kumlipa mwalimu mmoja azunguke kwenye shule hizo awasaidie. Mwalimu mwenyewe anaitwa Semeni. Mimi ndiye mratibu wa shughuli nzima: napanga Semeni aende shule gani, siku gani, apewe chumba kipi, akae na watoto gani. (Yaani Semeni anafundisha, mimi nachoka.)

Ofisini wengi hawaupendi mpango huu. Wanasema wenye shule zao wajifundishie watoto wao, na nimeshachoka kujibu kwamba mtoto ni wa nchi hata kama ada analipa baba yake. Basi wizara ikaamua kumtuma Mzee Lugome aje kuona kwa macho yake. Akiridhika, Semeni anaendelea. Asiporidhika, Jumatatu Semeni anarudishwa kwenye darasa la kawaida, na wale watoto ndiyo imekula kwao. Mnanijua nilivyo na roho nyepesi. Wiki nzima chakula hakipiti.

Jana nikampigia simu Bwana Kondo, mwalimu mkuu wa shule ya Chang'ombe tuliyoichagua.

"Mwalimu, kesho nakuletea mgeni mzito. Anataka kuwaona watoto wanaokaa na Semeni. Naomba usiniangushe."

"Mama, wewe lala usingizi. Mie na aibu hatujuani."

Nikamshukuru. (Tena kwa moyo wote.)

Asubuhi nikavaa gauni la sikukuu, lile linalobana kwapani, nikampitia Mzee Lugome kwa gari la ofisi. Nikamwamkia. Akaitika, akakaa, akatazama mbele. Nikamweleza historia ya mpango. "Mm," akasema. Nikamweleza juhudi za ofisi. "Mm." Mwenye hofu mwingine hunyamaza. Mimi hofu ikinishika mdomo unajiendesha wenyewe. Tulipofika karibu na viwanda vya Chang'ombe akageuka na kuuliza swali lake la kwanza.

"Hawa watoto, Mratibu, wewe binafsi unawafahamu?"

Jibu la kweli lilikuwa jepesi: majina yao nayajua, nimeyaandika kwa mkono wangu, ila sura zao sijawahi kuziona, kwa sababu kila nikipanga kwenda kuna kikao. Lakini nilivyomwona ananikazia macho nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, wale ni wanangu. Nawajua mmoja mmoja."

"Vizuri," akasema. Nikajisikia vizuri na mimi.

Shuleni Bwana Kondo alitupokea getini na suti. Njia ya kwenda darasani ilikuwa imefagiwa na kunyunyiziwa maji. Ndani ya darasa wamekaa watoto sita, soksi nyeupe, nywele zimetengenezwa, mikono juu ya dawati. Wakasimama kwa pamoja na kutuamkia bila hata mmoja kuchelewa. Nikashusha pumzi. Pembeni alikuwa amesimama Semeni, macho yamemtoka pima.

"Dada," akaninong'oneza, "nina neno kidogo."

"Baadaye, mwalimu." Nilidhani ni hofu. Hofu niliyokuwa nayo mimi ilitutosha wote.

Nikaanza maelezo. Nikamsogelea binti aliyekaa mbele, amesukwa vizuri, nikamwekea mkono begani. "Huyu, mzee, tulipomchukua alikuwa hawezi kusoma hata jina lake mwenyewe."

Binti akaniangalia. Semeni akakohoa. Bwana Kondo akatazama dari.

Mzee Lugome akatoa gazeti kwapani, akalikunjua, akampa yule binti. "Hebu nisomee hapo, mama." Binti akasimama akasoma. Wenzangu, mtoto alisoma kama mtangazaji wa redio, kwenye nukta anapumzika, kwenye swali anapandisha sauti. Akampa mwingine. Naye vivyo hivyo. Wa tatu aliomba ukurasa wa michezo.

Nikapiga makofi. Peke yangu, lakini nikapiga. Moyoni nilikuwa nashangilia, nikaona Semeni apewe cheti, na mimi labda kikubwa zaidi.

Mzee Lugome akakunja gazeti lake taratibu. "Hongereni. Kwa hiyo kazi hapa imekwisha. Watoto wanaosoma hivi hawahitaji mwalimu wa ziada. Jumatatu tumpeleke penye shida."

Mambo yote niliyoyahangaikia, nimeyazika kwa makofi yangu mwenyewe. Nikaona nisipotengeneza jambo hapo hapo, tumekwisha.

"Hapana, mzee, usidanganyike," nikasema. "Hawa bado wana matatizo makubwa sana."

"Yapi?"

Yapi kweli? Nikatazama dirishani, nikatazama ubao. "Wanasahau," nikasema. "Leo wanasoma hivi unavyoona. Kesho asubuhi wanaamka hawajui hata herufi moja."

"Wote?"

"Wote, mzee. Huyu hasa." Nikamwekea tena mkono yule binti.

Binti akanyoosha kidole. Alikuwa na adabu, siwezi kumlaumu. "Samahani, madamu. Mimi sisahau. Mimi ni wa kwanza tangu darasa la kwanza. Na huyu ni wa pili, na yule aliyesoma michezo ni kiranja. Wale wa Mwalimu Semeni wapo kwenye basi. Wameambiwa wasipige kelele mpaka mgeni aondoke."

Nilitamani sakafu ipasuke, lakini ilikuwa saruji nzuri, mpya. Bwana Kondo akatoa leso akajifuta shingo.

"Mzee wangu," akaanza, "na wewe ni mtu mzima. Mgeni akija nyumbani kwako unamtolea vikombe vya kabatini. Huwezi kumtolea kile kilichovunjika mkono. Na hawa wazazi wa siku hizi, wakisikia sie tuna watoto wasiojua kusoma, kesho wanawahamisha. Nimesitiri shule, mzee, na nimemsitiri mama hapa."

Mama hapa ni mimi. Nikatikisa kichwa kukataa sitara hiyo, nikiwa nimeshachelewa.

"Twendeni kwenye basi," akasema Mzee Lugome.

Basi limeegeshwa nyuma ya jiko, jua linaliwakia. Tukapanda: mgeni mbele, mimi nyuma yake, Bwana Kondo na leso yake. Kwenye viti wamekaa watoto sita wametota jasho, mmoja amelala na mdomo wazi. Hata tulipoingia hawakusema neno, waliambiwa wasipige kelele na wakatii. Roho iliniuma. Watoto tunaosema tunawasaidia, kumbe wamefichwa juani kwa ajili ya msafara wangu.

Nikadhani aibu imefika mwisho. Mzee Lugome akanigeukia.

"Mratibu, hawa ni wanao. Unawajua mmoja mmoja. Niambie basi, huyu nani?"

Alimwonyesha kijana mwembamba aliyekaa kiti cha pili. Nikamkazia macho labda jina litaonekana usoni. Majina yote yalikuwepo kichwani mwangu, yamepangwa kwa utaratibu, ila hakuna hata moja lililojua pa kukaa.

"Huyu ni Idrisa," nikasema. (Kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Sijui niliitoa wapi.)

"Mimi Hamisi," akasema kijana. "Idrisa yule kule nyuma."

"Ndiyo, Hamisi. Wanafanana. Na huyu ni Zuhura."

"Mimi Mwanaidi."

Nilitaka kujaribu la tatu, Mzee Lugome akaniinulia kiganja kwa huruma. Ndipo Semeni akapanda basi. Mngeona. Watoto wote sita wakainuka, hata aliyelala, wakamrukia, huyu anamvuta mkono, yule anamwonyesha daftari. Na yule Idrisa wa nyuma akaninyooshea kidole akauliza, wala hakunong'ona, "Mwalimu, mama huyu ni nani?"

"Ndiye mratibu wenu."

"Anafanya nini?"

Semeni akamfunga kwanza kifungo cha shati, kisha cha pili. "Anapanga," akasema.

Bwana Kondo akatazama nje. Mimi nilitazama viatu. Mzee Lugome ndiye aliyeendelea na kazi, akamrudisha Idrisa kwenye kiti chake cha dirishani, akakaa karibu naye, akamwonyesha maandishi yaliyopakwa rangi juu ya dirisha. "Unaweza kunisomea hayo, baba?"

Idrisa akamtazama Semeni. Semeni hakumsaidia, alimwitikia kwa kichwa tu. Mtoto akaanza. "U... si... to... e." Akameza mate. "Usitoe." Hapo katikati akakwama, akafuta jasho, akarudi mwanzo. Mimi nimeshika chuma cha kiti, nasoma naye kimoyomoyo, midomo inacheza. "Ki... chwa. Wa... la. Mko... no." Nyuma yangu Bwana Kondo naye nikamsikia anahema. "Nje," akamaliza Idrisa. Kisha akairudia yote kwa mkupuo: "Usitoe kichwa wala mkono nje." Akageuka akarudisha mkono wake ndani haraka, maana ulikuwa nje ya dirisha muda wote anaosoma.

Mzee Lugome akacheka. Mara ya kwanza tangu asubuhi. Na mimi machozi yakanitoka, siwafichi, nikajifanya ni vumbi.

"Mwalimu Semeni anabaki hapa," akasema. "Hili nimeliona. Bwana Kondo, watoto hawa warudishwe darasani sasa hivi, wapewe na maji." Bwana Kondo akashuka mbio. Nikafungua mdomo nishukuru.

"Na wewe, Mratibu."

"Naam, mzee."

"Kuanzia Jumatatu, kila Semeni akifundisha, na wewe unaingia. Si kukagua. Unakaa kwenye dawati pamoja nao, mpaka siku nitakayokuja uniambie majina yao bila kubahatisha."

Nikaitika. Ningesema nini? Basi ndiyo hivyo, mwenzenu narudi kukaa dawatini na gauni langu la ofisini. Wakati tunaondoka Idrisa alinifuata hadi garini, akaniambia nisiwe na wasiwasi, nikae naye, yeye atanionyesha. Atakayecheka kati yenu, acheke sasa, maana nikianza shule sitaki kusumbuliwa.