Sentimita ya Idara

Idara ya Maendeleo ya Ndani ina heshima kubwa kuwatangazia watumishi wote kwamba, kuanzia robo hii ya mwaka, okidi iliyopo ofisini kwa Mkurugenzi itakua.

Tangazo lilibandikwa ubaoni Jumatatu asubuhi, likiwa na muhuri, na kufikia saa nne kila mtu alikuwa ameshalisoma isipokuwa okidi yenyewe. Hiyo iliendelea kukaa kwenye chungu chake karibu na dirisha, haina habari.

Mzigo ulimwangukia Bwana Vipimo. Jina lake halisi lilikuwa ndani ya faili ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Yeye alikuwa Kaimu Mpimaji wa Idara, na huo ulikuwa mwaka wake wa tisa wa kukaimu. Hakuwa anamkaimia mtu yeyote. Kiti kilikuwa kitupu tangu mwanzo, naye amekikalia kwa upande mmoja miaka yote hiyo. Baba mkwe wake, mzee asiyejua masihara, alikuwa akimtambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ni kaimu mkwe wangu." Wageni hucheka, na Bwana Vipimo hucheka nao.

Mkurugenzi alimwita siku hiyohiyo.

"Okidi ina urefu gani?"

"Sentimita ishirini na nane, Mheshimiwa. Kutoka ukingo wa chungu mpaka ncha ya jani la juu."

"Na mwaka jana wakati kama huu?"

"Ishirini na saba na nusu."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Unaona sasa. Uzembe."

"Wa nani, Mheshimiwa?"

"Wa mmea. Waziri anakuja mwisho wa robo, na nimemwahidi hamsini na sita. Mara mbili ni hesabu ambayo hata mtu aliyechoka anaielewa. Ikifika, barua yako ya kuthibitishwa kazini naitia saini. Isipofika, kile kituo chetu cha mbali kinahitaji mtu wa kuhesabu mabomba."

Barua yenyewe ilikuwa mezani, imeshachapwa, imebakiza saini tu. Bwana Vipimo aliisoma ikiwa imegeuka juu chini kutoka alipokuwa amesimama, na akaona hata jina lake limeandikwa vizuri.

Mchana alivuka barabara kwenda kwa mama muuza maua, aliyepanga vyungu vyake kando ya ukuta wa ofisi.

"Mama, okidi ya ndani hukua kiasi gani?"

"Inategemea ni ya nani."

"Ya mkubwa."

"Basi itakua kama ya mdogo. Jani moja kwa mwaka. Mawili, ikipata mwanga na ikaachwa kwa amani."

"Na tukitaka iwe mara mbili kwa miezi mitatu?"

Mama alimtazama kwa huruma ya kweli. "Baba, nunueni mgomba."

Bwana Vipimo aliwasilisha ushauri huo kwa maandishi. Mkurugenzi alijibu, pia kwa maandishi, kwamba mgomba haumo kwenye mpango kazi, akaunda Kamati ya Kuharakisha yenye wajumbe saba. Kila Jumanne wajumbe walizunguka chungu na kuisomea okidi lengo lake. Kikao kilifunguliwa kwa kuimwagilia maji na kufungwa kwa kuimwagilia maji. Wiki ya tano jani moja la chini liligeuka njano, likaanguka mbele ya mwenyekiti. Muhtasari uliandika kwamba jani hilo limestaafu kwa hiari.

Ikabaki wiki moja Waziri aje. Okidi ilikuwa na sentimita ishirini na nane.

"Andika hamsini na sita," alisema Mkurugenzi.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Kalamu huna?"

"Kalamu ninayo. Ila mimi uongo siandiki. Rula ikisema, naandika. Isiposema, mkono unakataa." Aliyasema hayo huku picha ya yale mabomba, moja baada ya jingine, ikiwa wazi kabisa machoni pake.

Mtu mwingine angefoka. Mkurugenzi hakufika cheo kile kwa kufoka. Alizungusha kiti chake, kisha uso ukamkunjuka.

"Kumbe tatizo si wewe, na wala si mmea," alisema. "Tatizo ni rula."

Kesho yake ukatoka waraka. Ulieleza kuwa sentimita inayotumika ilirithiwa bila wadau kushirikishwa, na kwamba tangu sasa itatumika Sentimita ya Idara, ambayo ni nusu ya ile ya watu wa nje. Katibu muhtasi aliyeuchapa alimalizia kwa maneno anayomalizia nyaraka zote, ziwe za chai au za choo: "Agizo hili linahusu jengo zima na vyote vilivyomo, bila ubaguzi." Mkurugenzi alitia saini. Katika karatasi yoyote yeye husoma pale jina lake lilipo tu, na hapo hapakuwa na kosa.

Seremala alitengeneza rula mpya na tepu mpya. Za zamani ziliteketezwa mbele ya mashahidi wawili. Bwana Vipimo akaweka rula mpya kwenye chungu, akainama, akasoma, akaandika hamsini na sita kwa moyo mweupe kabisa.

Waziri alikuja, akaitazama okidi, akasema huu ndio ukuaji anaoutaka. Jioni aliitaja hamsini na sita mbele ya waandishi wa habari. Idara nyingine ziliomba kuja kujifunza. Ni fundi wa mapazia tu aliyelalamika kidogo, kwa kuwa alipewa vipimo vya Idara akashona kwa futi yake ya dukani, na sasa mapazia ya ghorofa nzima yalikuwa yakifagia sakafu. Aliambiwa ashukuru kwa kazi.

"Na ile barua, Mheshimiwa?" Bwana Vipimo aliuliza.

"Tumalize kwanza ukaguzi wa majengo. Kuwa mvumilivu. Si umeshazoea?"

Mkaguzi wa Majengo alikuja Alhamisi. Alikuwa mama mwembamba mwenye mkoba mkubwa na sauti ndogo. Alipotoa tepu yake, Mkurugenzi alimzuia kwa fahari. "Samahani, dada. Hapa tunatumia Sentimita ya Idara."

"Waraka wenu ninao," alisema Mkaguzi, akairudisha tepu mkobani. "Jengo zima na vyote vilivyomo. Basi Mpimaji wenu anipimie. Tuanze na ofisi hii."

Ndipo Mkurugenzi alipoanza kupiga hesabu, na hesabu ikamfikia usoni. Alimvuta Bwana Vipimo pembeni, karibu na okidi. "Soma nane kwa nane," alinong'ona. "Soma hivyo, na barua naitia saini hapa hapa." Kalamu alikuwa ameshaifungua.

Bwana Vipimo aliitazama barua. Miaka tisa. Alitaka kusema nane, na haikuwa namba ngumu kutamka. Alikunjua tepu ya Idara. Lakini alipoivuta mpaka ukutani akaona ilichoandika, mdomo ulisema wenyewe.

"Mita kumi na mbili kwa kumi na mbili." Kwa tepu ya nje ingekuwa sita kwa sita.

"Mia moja arobaini na nne za mraba," aliandika Mkaguzi. "Kanuni inasema chumba kinachozidi mia ni ukumbi, na ukumbi haukaliwi na mtu mmoja. Mkurugenzi anastahili chumba kisichopungua kumi na nane. Kuna nini kingine kilicho wazi?"

Kilikuwepo kimoja tu, stoo ya karatasi. Bwana Vipimo akaipima. Nne kwa tano.

"Ishirini," alisema Mkaguzi. "Imezidi hata mbili. Hongera."

Mkurugenzi alisimama mlangoni pa stoo, bega huku na bega huku yakigusa miimo. "Basi naufuta waraka," alisema.

"Unaweza. Ukiufuta, okidi inarudi ishirini na nane, na Waziri ameshaitangaza. Sijui utamwambia ilienda wapi." Mkaguzi alifunua ukurasa. "Kuna jambo jingine. Ripoti ya okidi imesainiwa na kaimu. Kaimu hasaini kipimo kinachopanda wizarani. Ama athibitishwe leo, tarehe irudi nyuma ya ripoti, ama mimi niandike kwamba mmea haukupimwa."

Hapakuwa na nafasi ya meza. Mkurugenzi alisaini barua juu ya goti lake. Jumapili baba mkwe aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna masharti, akamsogezea mkwewe kiti.

Tangu hapo okidi inakaa peke yake ukumbini, kwa kuwa haikuhesabiwa kuwa mtu, na Kamati iliyokuwa ikiifurikisha maji imevunjwa, maana lengo limefikiwa. Okidi imepata amani. Mkurugenzi hubisha hodi kila asubuhi, huingia, hupiga magoti mbele ya chungu.

"Bwana Vipimo," alisema siku moja, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "ikifika hamsini na sita ya kweli, ile ya nje, si naweza kuufuta waraka bila aibu?"

"Unaweza, Mheshimiwa."

"Itachukua muda gani?"

Bwana Vipimo, ambaye uongo haandiki, alitoa kalamu akapiga hesabu. Zimebaki ishirini na nane, na inakwenda nusu sentimita kwa mwaka. "Miaka hamsini na sita."

Mkurugenzi alisimama, akajipangusa magoti. Halafu akauliza kama mwaka nao hauwezi kufanyiwa kitu.

Bwana Vipimo alilifikiria ombi hilo kwa heshima zote. "Mwaka, Mheshimiwa, unapimiwa nje ya jengo."