Vita vya Suti na Beseni la Bluu

Nileteeni wino, enyi jamaa, wino mweusi usiochuja, na daftari la stoo ambalo halijaandikwa hata ukurasa mmoja, kwa maana jambo nitakalolisimulia halienei nyuma ya bahasha. Zimeni redio. Mwenye sufuria motoni na aiteremshe, na anayetaka kupiga chafya na apige sasa, kwani nikishaanza sisimami. Sikilizeni jinsi mimi, mtunza stoo wa shule ya msingi, Jemadari wa Chaki, Mlinzi wa Mafagio Arobaini, mtu wa kifua chembamba na kitambi cha wastani, nilivyoifua suti yangu nyumbani, kwa mikono yangu miwili, siku ya Alhamisi, bila dobi.

Suti yenyewe, kwa wasioijua, ni ya kijivu, vifungo viwili, na kwenye mkono wa kushoto, karibu kabisa na kiganja, ina lebo. Lebo hiyo ni nyeusi, imeandikwa kwa nyuzi za dhahabu, kwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kuisoma. Miaka tisa iliyopita, nilipoinunua, muuzaji alishika mkasi ili aitoe, nami nikamdaka mkono kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Jemadari anavuliwaje nishani yake dukani? Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeinua mkono wa kushoto vikaoni mara nyingi kuliko mimi, hata nikiwa sina swali.

Lakini ilikuja siku ya fedheha. Kwenye mahafali ya binti yetu ya sekondari, dakika chache kabla ya picha, chai ya maziwa ilinimwagikia kwenye kola ya koti. Binti akanitazama, akawatazama wenzake waliokuwa wanacheka pembeni, akaniambia kwa upole, "Baba, rudi nyuma kidogo." Nikarudi. "Kidogo tena, baba." Katika picha ile, iliyotundikwa juu ya televisheni, mimi ni sikio moja na kipande cha bega nyuma ya shangazi yake. Siku ile nilicheka na watu. Iliniuma, na mpaka Alhamisi hiyo ilikuwa bado inaniuma.

Sasa binti alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi, na mahafali yalikuwa Jumamosi. Jumatano alinipigia simu.

"Baba, utavaa suti gani?"

"Kwani ninazo ngapi, mwanangu?"

Nikadhani salio limemwishia. Kisha akasema, "Haya, baba." Mzazi huijua haya ya furaha na haya ya kukata tamaa, na hii haikuwa ya furaha. Nikaapa, nikiwa nimesimama kati ya kabati na kitanda, kwamba doa lile la chai halitaiona Jumamosi.

Alfajiri ya Alhamisi nikaenda kwa dobi wa suti. Mlango ulikuwa na kufuli na karatasi: TUMEFIWA, TUTAFUNGUA JUMATATU. Nikaupa pole ule mlango, nikarudi nyumbani na suti begani, na hapo ndipo wanaume hupimwa.

Mke wangu alikuwa uani anaanika. Nikasimama mbele yake, nikakohoa, nikanena: "Ewe mwenza wa ujana wangu, mshika ufunguo wa kabati! Leo naomba ruhusa niingie vitani. Mimi niliyehesabu madaftari elfu mbili lisipotee hata moja, nitashindwa na kikombe kimoja cha chai?"

"Mwaka jana ulipoteza ndoo."

"Ndoo ile iliibwa!"

"Sawa, iliibwa. Umesoma ndani ya koti wanasemaje?"

Nikasoma. Palikuwa na picha ya beseni dogo lililokatwa na mistari miwili. Nikamweleza kwamba bila shaka hiyo ni ngao ya ukoo wa mshonaji.

"Hiyo maana yake usifue," alisema. "Halafu nikwambie kitu, kama kweli unataka yule mtoto afurahi Jumamosi, tatizo wala si doa, ni..."

Nikamnyamazisha kwa kuinua mkono wa kushoto. Majemadari hawapokei ushauri wakiwa wameshika sabuni.

Beseni kubwa la bluu lilikuwa limekaliwa na blanketi lake. Nikalihamishia blanketi kwenye ndoo kubwa, nikamwaga lile povu, nikajaza maji baridi, maana maji ya moto huisinyaza sufu, hilo nalijua hata mimi. Nikapekua mifuko, nikatoa mateka wafuatao: kijiti cha meno, vipande vitatu vya chaki, na kadi ya harusi ya watu walioachana zamani. Sabuni ya unga niliikataa kwa ukali wake. Nikachukua shampuu ya mke wangu, ile anayoificha nyuma ya taulo, nikaijaribu kwanza kwenye pindo la ndani la suruali. Rangi haikutoka. Basi nikashusha pumzi, nikalizamisha koti.

Enyi jamaa, maji yale! Yaligeuka hapohapo rangi ya chai ya mkandaa, ile kavu isiyo na maziwa, na humo ndani mlikuwa na jasho la vikao vya miaka tisa, na vumbi la chaki, na harufu ya dawa ya nondo. Sikusugua, sikukamua, nilibonyeza tu, taratibu, mtu anavyokanda mgongo wa mama yake mzee. Kwenye doa nilikaa saa nzima kwa ncha ya kidole. Nilipoliinua koti lilikuwa zito kupita kiasi, likanivuta, nikapiga magoti kwenye tope mbele ya mke wangu na jirani aliyekuwa anachungulia.

"Anasali?" jirani aliuliza.

"Anafua," alijibu mke wangu.

Nikabadilisha maji mara nne. Nikaliviringisha koti ndani ya taulo, nikalikanyaga kwa miguu mitupu mpaka taulo likanywa maji, nikalitundika kivulini kwenye henga niliyoinenepesha mabega kwa matambara. Suruali ikafuata njia hiyohiyo. Kisha nikainama nimwage maji ya mwisho, nikaona kitu cheusi kinaelea.

Lebo.

Nyuzi zake, zilizochoka kwa miaka tisa ya kuinuliwa juu bila swali, zilikuwa zimekatika zote. Nikaipakata kiganjani. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga. Sikumwambia mtu. Niliikausha ndani ya kitabu cha stoo, ukurasa wa vitu vilivyoharibika.

Ijumaa nikapiga pasi, kitambaa chenye unyevu katikati, na doa likawa limebaki kivuli ambacho mtu hakioni ila aambiwe. Suruali ilipanda kidogo, soksi zikapata nafasi ya kuona dunia. Jumamosi asubuhi nikachukua sindano nirudishe nishani mahali pake. Uzi ukakataa kuingia tunduni. Nikajaribu mara kumi na moja.

"Nisaidie," nilimwambia mke wangu.

"Miwani yangu sijui nimeiweka wapi," alisema, naye ameivaa kichwani. "Twende, tutachelewa."

Nikaitia lebo mfuko wa ndani, nikaenda kwenye mahafali ya mwanangu nikiwa mtu wa kawaida.

Alikuja mbio na joho lake. Nilianza kurudi nyuma mwenyewe, kabla hajasema, nikatafuta bega la shangazi yake. Akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akautazama pale karibu na kiganja.

"Baba! Umeitoa lebo?"

Mkono wangu wa kulia ukakimbilia mfuko wa ndani.

"Sekondari nzima walikuwa wanakuita Mzee Lebo. Nilikuwa naona aibu, halafu naona aibu kwa kuona aibu. Ningekwambiaje, baba yangu? Nilisema utakasirika." Machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka. "Njoo hapa. Hapa, katikati. Mama, sogea."

"Mambo mengine, mwanangu," nilisema polepole, "mtu mzima huyaona mwenyewe."

Mke wangu akakohoa sana, hata ikabidi apewe maji.

Basi na iandikwe, na watunza stoo wote watakaokuja wasome, kwamba katika picha mpya iliyo juu ya televisheni mimi ni mtu mzima kabisa, mwenye masikio mawili, na kichwa cha muuguzi kimeegemea bega langu la kijivu. Soksi zinaonekana. Doa halionekani. Mkono wangu wa kulia uko kifuani, na wageni husema nimesimama kama mtu anayekula kiapo. Siwasahihishi. Nilikuwa nimeishika lebo.